Kadi ya Tisa

Kadi zilikuwa kumi na mbili, zimefungwa kwa mpira mwekundu, na kila kadi ilikuwa na picha ya alama moja ya barabarani. Mama Fomu alisimama kwenye kituo cha mafuta, kati ya pampu ya pili na mashine ya kujazia upepo. Kila gari lilipoingia aliinama dirishani, akasalimia, akainua kadi moja moja na kuuliza, "Hii ina maana gani?" Dereva alijibu huku tangi likijaa. Naye aliandika jibu kama lilivyotoka mdomoni, bila kuongeza wala kupunguza, maana hivyo ndivyo mhandisi wa barabara alivyomwelekeza. Karani anauliza, hafundishi. Mhandisi aliyasema hayo mara tatu siku ya kumkabidhi kazi, na mara ya tatu aligonga meza.

Jina la Mama Fomu alipewa na watu wa mtaani, kwa sababu tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona bila fomu mkononi. Alishahesabu nyumba, akahesabu visima, akahesabu mbuzi, akahesabu mpaka miti. Lakini kazi hii ya alama aliipenda kuliko zote, na asubuhi aliamka kabla ya kengele ya saa kwa hamu ya kwenda kusikia majibu. Mbuzi ukimhesabu hakubishii. Dereva ukimwonyesha alama asiyoijua, hasemi hajui. Anakaza uso, anatoa kiwiko dirishani, anakupa jibu na kiapo juu yake.

Barabara yenyewe ilikuwa mpya, ya njia nne, na alama zake zilisimikwa moja baada ya nyingine kadiri mafundi walivyosonga mbele. Kufikia wiki ya pili kila mtu alikuwa ameshajua kwamba alama hizo hazifuati kitabu. Zilifanya kile ambacho madereva walio wengi walidhani ndiyo maana yake. Alama ya njia kuwa nyembamba, kwa mfano, ina mistari miwili inayokaribiana juu, na wengi walisema ni chupa, kwamba hapo mbele kuna baa. Baa ikawepo. Ilionekana Jumanne, ina viti vya plastiki, redio, na wateja wanne waliokwisha kuanza kulalamika kwamba bia haina baridi. Mwenye baa alisema hakumbuki kuijenga, lakini kibali cha biashara kilikuwa ukutani na jina lake juu yake.

Alama ya matuta walisema ni ngamia. Ngamia alilala kando ya nguzo, akitafuna, na magari yalimzunguka bila kinyongo. Kwenye kona yenye alama ya utelezi walisema ni onyo la walevi, kwa hiyo kila dereva aliyefika pale, hata yule ambaye maisha yake yote hajaonja kitu kikali kuliko chai, alianza kuyumba na kuimba, akanyamaza kona ilipoisha. Ile pembetatu iliyopinduliwa ya kupisha magari mengine, isiyo na picha ndani, madereva walikubaliana kwamba mchoraji hajaimaliza. Wakawa wanasimama pale kumsubiri, wanakata tamaa, wanaendelea. Mhandisi alifurahi sana kuona wanasimama, akaandika kwamba alama ile imeeleweka vizuri.

Kadi ya tisa ilikuwa na watoto wawili walioshikana mikono, ndani ya pembetatu nyekundu. Alama yake ilisimikwa Ijumaa jioni mbele ya shule ya msingi, wanafunzi wakiwa wameshatawanyika. Siku hiyo Mama Fomu aliwauliza madereva tisini na sita, na themanini na mmoja kati yao walimpa jibu lile lile.

"Watoto wapishe magari," alisema dereva wa lori la saruji, bila hata kuitazama kadi mara mbili.

"Hapo watoto wanaambiwa wasubiri," alisema mwanamke mwenye gari dogo jeupe. "Wapishe kwanza. Gari lina ratiba."

Mama Fomu aliandika, kisha akalisoma tena jibu lile. Binti yake alikuwa anafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, na shule ilikuwa ng'ambo ya barabara hiyo. Saa mbili ikigonga mlango unafungwa, na atakayebaki nje anasubiri mwaka mzima. Binti alikuwa amejiandaa tangu mwaka unaanza. Karatasi zake za mazoezi zilibandikwa nyumba nzima, mpaka kwenye mlango wa choo.

Jumamosi asubuhi wanafunzi arobaini na mmoja wa darasa la mwisho walitoka kwenda kupitia masomo, wakafika ukingoni mwa barabara, wakaishia hapo. Kurudi nyumbani waliweza. Kwenda kushoto na kulia waliweza. Lakini kila aliyeelekeza mguu barabarani, mguu uligoma kunyanyuka. Hakuna aliyelia. Binti wa Mama Fomu alijaribu mara tatu, akaona anapoteza muda, akafungua daftari na kuanza kusoma amesimama.

Mwalimu mkuu alivuka kuja upande wao, maana watu wazima alama ile haikuwahusu. Alimbeba mgongoni mwanafunzi mdogo kuliko wote, akapiga hatua ya kwanza barabarani, na mtoto akawa mzito mithili ya kabati la vitabu. Mwalimu mkuu akapiga magoti, akarudi kinyumenyume, akamtua. Dereva wa teksi naye akajitolea, akawapakia watano, akafunga milango na kuvuka. Teksi ilifika ng'ambo ikiwa tupu. Watoto watano walibaki ukingoni, wamekaa hewani vile vile walivyokuwa wamekaa kwenye viti, mikoba mapajani, kisha wakasimama na kujikung'uta. Mlinzi wa shule alileta sururu, akaing'oa nguzo na kuilaza chini. Hakuna mguu ulionyanyuka, kwa sababu kilichowashika watoto hakikuwa nguzo bali kile madereva walichokuwa nacho vichwani. Mlinzi akaisimamisha tena, akashindilia udongo kwa kisigino.

Mwalimu mkuu alimpigia simu mhandisi.

"Alama ni sahihi," alisema mhandisi. "Vipimo vyake vimetimia."

"Watoto hawavuki, mheshimiwa. Na keshokutwa wana mtihani."

"Hilo ni suala la uelewa, mwalimu. Ndiyo maana tunafanya utafiti. Ripoti itatoka baada ya miezi minne."

Mama Fomu alirudi nyumbani, akazitandaza fomu za kadi ya tisa sakafuni na kuzipitia moja moja. Ndipo alipoona jambo ambalo dirishani, kwa haraka ya kazi, lilikuwa limempita. Kati ya wale themanini na mmoja, sitini na watatu walikuwa wamemalizia kwa maneno yale yale: gari lina ratiba. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu anatambaa. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyekuwa akiyasema alipotaka watoto watoke njiani, hata kama njia yenyewe ilikuwa ya kwendea jikoni.

Baba yake, Mzee Klachi, alikuwa ameshika usukani kwa miaka thelathini na mmoja kabla hajastaafu. Katika mji ule hakuna aliyesomea udereva darasani. Ukitaka kazi hiyo ulimfuata dereva mkongwe, ukamwoshea gari miezi sita, ukakaa kushoto kwake ukimsikiliza, na siku akichoka akakuachia usukani. Mzee Klachi peke yake alikuwa amewafundisha hamsini na watatu, na hao nao wakawa na wanafunzi wao, na hao wanafunzi na wao. Kila mmoja alikuwa na leseni yenye muhuri.

Alimkuta uani, anasugua kwa mafuta ya taa kipande cha injini ambacho hakikuwa tena cha gari lolote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hizo fomu zinakula wewe badala ya wewe kula."

Mama Fomu hakucheka. Aliinua kadi. "Baba, hii ina maana gani?"

Mzee aliitazama kwa jicho moja. "Watoto wapishe magari. Gari lina ratiba. Kwani kuna lingine?"

"Nani alikufundisha?"

Mzee Klachi alisugua kidogo, akaacha. "Siku ya leseni mkaguzi alikuwa anaumwa jino," alisema. "Akaniambia nirudi nyuma mita kumi. Nikarudi. Akagonga muhuri, akakimbilia kwa daktari. Alama hakuniuliza hata moja. Basi nikawa nazipita kila siku, nazitazama, zinanitazama. Mtu huwezi kupita kila siku mbele ya kitu usichojua kinasema nini. Nikazipa maana."

"Zote?"

"Zote. Ila ile ya chupa sikukosea sana. Baa ipo, nimepita jana."

Hapo kicheko kilimtoka Mama Fomu bila ruhusa yake, na machozi yakafuata nyuma. "Mjukuu wako amesimama ukingoni tangu asubuhi," alisema. "Jumatatu ana mtihani. Hatavuka mpaka madereva zaidi ya nusu wajue kwamba pale watoto wanavuka, na gari ndilo la kusubiri."

"Kwa hiyo unataka niwaambie watu wazima, wenye magari yao, kwamba Mzee Klachi alikuwa anabahatisha?"

"Ndiyo, baba."

"Wote hamsini na watatu?"

"Halafu wao wawaambie wa kwao."

Mzee aliokota tena kile kipande cha injini, akakigeuza, akakiweka chini. Uso ulimshuka, na Mama Fomu alimwonea huruma na hasira kwa pamoja, asijue aanze na ipi. Mwisho mzee alijifuta mikono kwenye suruali. "Lete simu," alisema. "Na maji ya kunywa, mengi."

Jumapili ilikuwa siku ambayo Mama Fomu hakuwahi kuiona mfano wake tangu alipoanza kuhesabu vitu. Aliingia kituoni kabla pampu hazijafunguliwa, akaziacha fomu kwenye mkoba, akabaki na kadi ya tisa peke yake. Gari la kwanza lilipoingia aliinama dirishani na kusema, "Usiniambie. Leo nakuambia mimi." Sauti yake mwenyewe ilimshtua, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kinyume na mhandisi. Ilimshtua mara moja tu. Gari la pili alishaanza kufurahia.

"Dada, mimi nina leseni," alisema mwenye pikipiki ya mizigo.

"Naiona, ni nzuri, na picha umetoka vizuri. Sema: watoto wanavuka hapa."

"Watoto wanavuka hapa."

"Punguza mwendo, uwe tayari kusimama."

"Punguza mwendo, uwe tayari kusimama. Kumbe! Sasa wale wameshikana mikono kwa nini?"

"Wanavuka, kaka! Wewe ulidhani wanacheza?"

Wapo waliobisha, wakataja aliyewafundisha, na kabla hawajamaliza kumtaja simu zao ziliita. Alikuwa yeye huyo huyo aliyewafundisha, anapiga kusema alikosea. Mzee Klachi alikuwa ameketi uani na orodha mapajani, akisema kwa kila mtu maneno yale yale: "Nilikudanganya. Sikujua. Pale watoto wanavuka. Sasa mpigie uliyemfundisha wewe." Wengine walicheka wakadhani anatania. Mmoja aliyekuwa safari ya mbali aliegesha lori pembeni, akakaa dakika kumi na kichwa kwenye usukani, kisha akawapigia watu wake saba. Kufikia saa sita mchana sauti ya mzee ilikuwa imekauka kabisa, na aliendelea kwa kunong'ona.

Mwalimu mkuu alitoa ubao nje ya lango la shule na kuandika hesabu kwa chaki. Madereva wa barabara ile, kwa orodha ya mhandisi mwenyewe, walikuwa mia sita na arobaini. Walitakiwa mia tatu ishirini na mmoja. Mchana walikuwa themanini. Alasiri mia na sitini na tano. Watu walikuja na viti kutazama, na kila namba ilipofutwa na kuandikwa nyingine walipiga vigelegele utadhani timu yao imefunga bao. Jua lilipozama ubao ulisoma mia mbili tisini na mbili, na Mama Fomu alikuwa ameinama madirishani mpaka kiuno hakitaki kunyooka. Alilala na kadi mkononi.

Jumatatu, saa moja asubuhi, wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa ukingoni, sare zimepigwa pasi, kalamu mbili mbili mfukoni. Mzazi baada ya mzazi alifika. Mzee Klachi naye alifika kwa miguu, sauti yake imebaki mnong'ono tu. Mama Fomu alisimama na simu sikioni, akipokea majina kutoka kwa wafundishwa wa wafundishwa, na kila jina alimpigia mwalimu mkuu kelele avuke akaandike.

Saa moja na dakika ishirini na tano, ubao uliposoma mia tatu ishirini, mguu wa kushoto wa kila mwanafunzi ulinyanyuka. Miguu arobaini na mmoja ya kushoto ilikuwa hewani juu ya lami, na ile ya kulia haikutikisika.

"Ni nusu kamili," alisema mwalimu wa hesabu. "Anahitajika mmoja."

Mmoja! Mama Fomu alirudi mwanzo wa orodha. Alipiga namba zote, akarudia zote. Kila mtu alikuwa ameshasema ndiyo, au hapatikani. Dakika tano zikapita, zikafika kumi. Watoto walisimama kwa mguu mmoja wakishikana mabega wasianguke, na binti yake alimtazama, mdomo umekazwa kama anavyoukaza kwenye hesabu ngumu. Ndipo Mama Fomu alipogeuka akamwona baba yake.

"Baba. Na wewe je?"

"Nimewaambia wote," alinong'ona mzee.

"Wewe mwenyewe, baba. Leseni yako bado hai, na jina lako limo kwenye orodha."

Mzee Klachi aliinua macho akaitazama alama ile. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amepita mbele ya alama za aina ile kwa mwendo wake, na sasa alisimama chini yake kwa miguu. Akawatazama watoto wawili wa rangi nyeusi waliochorwa juu yake, kisha mjukuu wake aliyemshika bega mwenzake, kisha akarudi kwenye alama.

"Nilidhani wameshikana mikono kwa kuogopa," alisema, na machozi yakamtiririka waziwazi, hakuyafuta. "Wanavuka tu. Watoto wanavuka."

Mguu wa kulia ukanyanyuka. Ng'ambo, mwalimu mkuu akaandika mia tatu ishirini na mmoja. Kelele zilizopigwa pale ukingoni zilimwamsha hata ngamia kule mbali kwenye matuta. Wazazi walirukaruka, mlinzi akatupa kofia juu, na Mama Fomu alimkumbatia baba yake mpaka mzee akakohoa. Miguu ya watoto ilikuwa myepesi, huru, inachezacheza ukingoni. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi na nane.

Magari yakawa yanapita.

Lilipita gari dogo jeupe, na mwanamke aliyeliendesha aliinua kidole gumba kwa furaha. Lilipita la maziwa. Ilipita teksi, kisha basi, kisha magari mengine mengi, yote kwa mwendo wake wa kila siku. Lori la saruji lilitokea kwa kasi, na dereva wake alipomwona Mama Fomu alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti, neno kwa neno, bila kosa, "Watoto wanavuka hapa! Punguza mwendo, uwe tayari kusimama!" Akapita. Vumbi la saruji likatua kwenye sare.

Mzee Klachi aliingia barabarani na kuinua mikono yote miwili. "Shikamoo Mzee!" walimwambia mmoja baada ya mwingine, wakimkwepa kwa adabu, huyu kulia, yule kushoto. Wengine walipiga honi kidogo kumpongeza. Alibaki katikati, mikono juu, anaitikia marahaba bila sauti.

Ikabaki dakika saba. Mwalimu wa hesabu alivua saa yake, akaishika mkononi, akatazama mapengo kati ya magari. "Sasa!" alisema, na watoto wakashikana mikono wakakimbia, kama walivyokuwa wakikimbia kabla alama haijawekwa. Walivuka kumi, wakavuka kumi na watano. Kundi la mwisho lilikuwa na binti wa Mama Fomu. Lori lingine likaja, kiatu kikamchomoka mguuni katikati ya njia ya tatu, akageuka nusu kukitazama, na mama yake akapiga ukelele ambao haukuwa na neno ndani yake. Binti akakiacha. Alifika ng'ambo, akaingia langoni na soksi moja chini, akageuka kupunga mkono, akaingia darasani. Mlango ukafungwa saa mbili kamili, wote arobaini na mmoja wakiwa ndani.

Mama Fomu alicheka na kulia, akazunguka akiwashika mikono watu asiowajua. Hakukumbuka siku nyingine aliyofurahi namna ile. Kisha alimtoa baba yake barabarani, akamkalisha kwenye kiti cha mlinzi, akaenda kazini, kwa sababu fomu zilikuwa bado hazijatimia.

Saa nne lori la saruji liliingia kituoni, linarudi kwa barabara ile ile kuchukua mzigo mwingine. Kwenye tairi lake la nyuma kulikuwa na kamba nyeusi ya kiatu imenasa, inaning'inia. Mama Fomu aliitazama kwa muda. Kisha akainama dirishani, akasalimia, na kuinua kadi moja moja, mpaka ya tisa.

"Watoto wanavuka hapa," alisema dereva, uso umemng'aa. "Punguza mwendo, uwe tayari kusimama. Hiyo siisahau tena maishani!"

"Na asubuhi ulisimama?"

Dereva alicheka kwa roho safi. "Ningesimamaje, Mama Fomu? Saruji inasubiriwa."

Alitafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika jibu hilo, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Swali lilikuwa moja tu, na visanduku viwili. Akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha Ameelewa, akainua kadi ya kumi.